Hewa Kwanza au Chakula Kwanza: Mjadala juu ya Mchanganyiko wa Kuoteshea Maua ya Kuning'inia

Mimea ya kuning'inia ni ile ambayo mashina au majani yake, badala ya kusimama, hutambaa na kushuka pembeni mwa chombo, na kwa sababu hiyo hupandwa katika vyungu, makopo au vikapu vinavyotundikwa barazani na upenuni. Mara nyingi mimea hiyo haianzishwi kwa mbegu bali kwa kipandikizi, yaani kipande cha shina au jani kilichokatwa kutoka kwa mmea mama na kuchomekwa mahali penye unyevu hadi kitoe mizizi yake chenyewe. Hapo ndipo swali linapozuka, kwa kuwa kipandikizi hakina mizizi ya kunywea maji wala akiba kubwa ya chakula, na kile ambamo kimechomekwa, kiwe udongo, mchanga, nyuzi au mawe, ndicho kitakachoamua kama kitaota au kitaoza. Kitu hicho kinaitwa hapa mchanganyiko wa kuoteshea.

Katika vitalu vya kando ya barabara, kuanzia Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Ngong jijini Nairobi, jibu lililozoeleka ni udongo wa juu, na ukipatikana wa msituni huhesabiwa kuwa bora zaidi, ukachanganywa na samadi iliyooza na mchanga kwa vipimo ambavyo kila kitalu kina vyake. Jibu hilo limetoka katika kazi ya miche ya miti, ambayo hukaa chini, ndani ya viriba virefu vya nailoni, na ambayo mwisho wake ni kuhamishiwa shambani. Ua la kuning'inia halihamishiwi shambani. Maisha yake yote ni ya hewani, katika chombo kifupi kinachopigwa na upepo pande zote na kubebwa na msumari mmoja.

Mjadala unaofuata unalipima jibu hilo kwa sauti nne, ambazo ni sauti za kazi na si za watu mahususi: Mwenye Kitalu, anayeotesha na kuuza, Bwana Shamba, yaani ofisa ugani, Mwalimu wa botania, yaani elimu ya mimea, na Msokota Kamba wa pwani, ambaye kazi yake ni usumba wa nazi. Mahali pa mjadala ni Mkoa wa Tanga, kwa sababu ndani ya mkoa huo mmoja inakutana minazi ya Pangani na misitu ya Usambara Mashariki, kwenye asili ya mojawapo ya maua ya chunguni yanayopendwa zaidi duniani.

MWENYE KITALU: Udongo haukuchaguliwa kwa uvivu, Mwalimu. Udongo wa tifutifu, ule ambao mchanga, tope na mfinyanzi vimechanganyika kwa kiasi, una sifa ya kuhifadhi: chembe zake za mfinyanzi hushika chakula cha mmea na kukitoa kidogo kidogo, na mteja anayesahau kumwagilia kwa siku mbili bado hulikuta ua lake likiwa hai. Mmea buibui na tradeskantia yenye michirizi ya rangi ya fedha huota katika udongo wowote usiotuamisha maji, na ndiyo maua ya kuning'inia yanayotoka kwa wingi kitaluni. Atakayemwambia mtu aache kitu kinachoota akatafute kingine hana budi kuonyesha hasara iko wapi.

BWANA SHAMBA: Mama ana mashahidi wakubwa. Katika miaka ya 1930, huko Uingereza, William Lawrence na John Newell wa Taasisi ya John Innes walipotafuta mchanganyiko mmoja wa kuaminika badala ya mapishi mengi ya siri yaliyokuwa yakitumiwa na watunza bustani, waliujenga juu ya udongo: sehemu 7 za udongo tifutifu, sehemu 3 za piti, ambayo ni mabaki ya mimea yaliyooza nusu katika vinamasi vya nchi za baridi, na sehemu 2 za mchanga mkavu wa chembe kubwa. Lakini kuna jambo ambalo wanaouiga mchanganyiko huo husahau, nalo ni kwamba udongo wao ulipitishwa kwanza kwenye mvuke wa moto, kwa kuwa waligundua kwamba vifo vingi vya miche vilitokana na vimelea vilivyokuwamo udongoni. Udongo unaochotwa leo na kutumiwa leo una kuvu wanaosababisha kinyausi, yaani ugonjwa wa kuoza shina usawa wa udongo, na aghalabu una minyoo fundo, ambao hupenya mizizini na kuifanya ivimbe vinundu.

MWALIMU: Hasara aliyoiulizia Mama haiko katika mmea uliokwisha kuota, imo katika vipandikizi vilivyotupwa. Kipandikizi kina kidonda, na mahali pa kidonda hicho seli hugawanyika na kutengeneza kovu laini, kisha mizizi mipya hujitokeza karibu na kifundo, yaani mahali jani linapoungana na shina. Kazi hiyo inaendeshwa na homoni inayoitwa oksini, inayotengenezwa katika ncha na majani machanga na kushuka chini, nayo inahitaji nguvu, na nguvu hupatikana kwa seli kupumua oksijeni. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa kiasi cha mara 10,000 hivi, na kwa hiyo matundu ya udongo yakijaa maji, kidonda hukosa hewa ilhali bakteria na kuvu wa uozo wanastawi. Samadi haimsaidii asiye na mizizi ya kulia. Chumvi zake humchoma na ubichi wake huwaalika vimelea. Kipandikizi kinahitaji hewa, unyevu na joto la nyuzi 21 hadi 25 za Selsiasi. Chakula ni cha baadaye.

Mwenye Kitalu anakubali kwamba maji yaliyotuama huozesha, ila anashikilia kwamba tatizo hilo lina dawa ya zamani, ambayo ni kutandaza kokoto au vigae chini ya chungu kabla ya kutia udongo, ili maji yashuke na kukaa kwenye kokoto, mbali na mizizi. Imani hiyo imeenea vitaluni na majumbani kote, tena ina sura ya ukweli, na kwa sababu hiyo hiyo yafaa ichunguzwe kwa utulivu kuliko jambo jingine lolote katika mjadala huu.

MWALIMU: Maji hayashuki kwa uzito wake peke yake; yanashikwa pia na matundu membamba ya udongo, kama utambi wa taa unavyoshika na kupandisha mafuta. Maji yanaposhuka ndani ya chungu na kufika kwenye kokoto, hukutana na matundu mapana yasiyo na nguvu ya kuyavuta, na hivyo husimama juu ya kokoto, ndani ya udongo, mpaka udongo huo uloe kabisa na mengine yaanze kudondoka. Kokoto haziondoi tabaka la maji; zinalipandisha juu, karibu zaidi na kipandikizi. Anayetaka ushahidi achukue sponji nene, ailoweshe, ailaze juu ya wavu mpaka iache kudondoka, kisha aisimamishe wima: itatoa maji mengine palepale, ingawa hakuna kilichobadilika isipokuwa kimo chake.

Jaribio hilo la sponji ndilo ufunguo wa jambo zima. Kimo cha tabaka la maji linalobaki chini ya chombo baada ya kumwagilia kinategemea upana wa matundu ya mchanganyiko, wala hakitegemei urefu wa chombo. Mchanganyiko ule ule ambao, kwa mfano, hubakiza maji kwa kimo cha sentimita 8, ukitiwa katika kiriba cha sentimita 30 huacha sentimita 22 zenye hewa, na mche hustawi. Ukitiwa katika kikapu cha kuning'iniza chenye kina cha sentimita 12 huacha sentimita 4 tu, na hizo ndizo zinazokaushwa na upepo kwanza. Kwa hiyo mwenye kitalu anayeshangaa kwamba udongo unaolea miembe vizuri unaua maua yake ya kuning'inia hana mkono mbaya, kama inavyosemwa kwa wepesi. Ana chombo kifupi. Na anayejaribu kuurekebisha udongo wa mfinyanzi kwa kutia mchanga kidogo huzidisha tatizo, kwa sababu chembe za mfinyanzi huingia katikati ya chembe za mchanga na kuziba matundu yaliyokuwapo, hadi mchanga uwe mwingi kupita udongo wenyewe.

Uzito nao una hesabu yake. Kikapu cha lita 5 kilichojaa udongo ulioloa kinakaribia kilo 8, ilhali kikijaa vumbi la usumba lililoloa hakifiki kilo 4. Kwa anayetundika vikapu kumi kwenye kenchi za baraza, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama baraza itabeba.

MSOKOTA KAMBA: Usumba umetajwa, na wenye usumba wapo. Pwani hii, na Unguja na Pemba zaidi, makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa ufukwe unaofunikwa na bahari maji yanapojaa, yakaachwa humo miezi kadhaa mpaka nyama yake ilainike, kisha yakafukuliwa na kupondwa kwa magongo ili nyuzi zitengane. Nyuzi husokotwa kamba. Kinachodondoka wakati wa kuponda, lile vumbi la rangi ya kahawia lililo kama unga wa chengachenga, hakina mnunuzi. Hubaki chunguchungu uwanjani. Nalo likinyeshewa huvimba, likibanwa mkononi hutoa maji, na likiachwa hurudi kuwa jepesi kama lilivyokuwa.

MWALIMU: Bibi ameeleza kwa mkono kile ambacho maabara hueleza kwa tarakimu. Vumbi la usumba hushika maji mara 8 au 9 ya uzito wake mkavu, na bado hubakiza matundu yenye hewa, kwa sababu kila chembe ni sponji ndogo: maji hukaa ndani ya chembe na hewa hukaa kati ya chembe. Lina lignini nyingi, ambayo ni ile sehemu ya mti inayoupa ugumu, na kwa hiyo haliozi upesi wala halishindiliwi kwa umwagiliaji wa miezi michache. Uchachu wake uko karibu na pH 6, unaofaa maua mengi ya kuning'inia bila kuongezwa chokaa, tofauti na piti ambayo pH yake hushuka hadi kati ya 3.5 na 4.5. India na Sri Lanka zimelifanya vumbi hilo bidhaa kubwa ya kuuza nje, likabanwa kuwa matofali na kusafirishwa hadi vitalu vya Ulaya. Pwani ya Afrika Mashariki ina minazi ile ile, na baadhi ya vitalu vyake hununua matofali hayo yaliyovuka bahari.

Jambo hilo la mwisho linastahili kusikitikiwa kwa uwazi, kwani si uhaba wa mali uliolileta bali ni kutofahamiana kwa kazi mbili zinazoishi jirani: anayesokota kamba hajui kwamba uwanja wake una kitu kinachotafutwa na mwenye kitalu, na mwenye kitalu hajawahi kuuliza. Hata hivyo pongezi hazitoshi kulifanya vumbi liwe salama, na Bwana Shamba anaingia na pingamizi ambalo wapenzi wa usumba hulipita haraka mno.

BWANA SHAMBA: Bibi mwenyewe amesema makumbi yamelala baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na hata kumbi ambalo halikuguswa na bahari lina potasiamu, sodiamu na kloridi kwa asili yake, kwa kuwa mnazi huzivuta kutoka ardhini. Kipandikizi kikichomekwa katika vumbi hilo bila kuoshwa, chumvi hukinyang'anya maji badala ya kukipa, ncha za majani huwa kahawia, na mwenye kitalu husema kwamba usumba haufai. Tena kuosha kwa maji ya kisima kunaweza kuwa kuosha chumvi kwa chumvi, maana visima vingi vya pwani vina maji magumu yenye chumvi.

MSOKOTA KAMBA: Vumbi lililokaa uwanjani likapigwa na masika nzima limeshaoshwa na mvua, Bwana Shamba, na hilo ndilo la kuchukuliwa kwanza, si la jana. Lililo jipya na litiwe katika gunia, liloweshwe maji ya mvua usiku kucha, lining'inizwe lichuruzike, kisha lirudiwe mara ya pili na ya tatu mpaka maji yanayotoka yasiwe na rangi nzito wala ladha ya chumvi ulimini.

BWANA SHAMBA: Kuosha kwa maji huondoa chumvi iliyo huru. Iliyoganda kwenye chembe za usumba haitoki kwa maji peke yake, kwa sababu sodiamu na potasiamu zimeshikwa humo kama sumaku inavyoshika misumari, na haziachii mpaka ije kalsiamu, yenye mvuto mkubwa zaidi, ichukue nafasi zao. Kwa hiyo vumbi hulowekwa saa 24 katika maji yaliyoyeyushiwa kalsiamu naitreti, kisha husuuzwa. Mbolea hiyo isichanganywe na ile ya CAN iliyozoeleka mashambani, ambayo ni kitu kingine, chenye amonia na chokaa. Asiyeweza kuipata aongeze idadi ya maosho na awe mwangalifu na maua yanayoona uchungu wa chumvi upesi. Kipimo rahisi ni kupanda mbegu za mchicha katika kopo la vumbi lililooshwa na katika kopo jingine la mchanga msafi: zikichipua sawasawa na majani yake yasipoungua, vumbi liko tayari.

Kuhusu vitu vingine vinavyopendekezwa vitaluni, mjadala unaweza kwenda mbio. Vumbi la mbao, linalopatikana tele penye viwanda vya mbao kama vile eneo la shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, halifai likiwa bichi, kwa kuwa vijidudu vinavyoliozesha huchukua naitrojeni yote iliyopo na kuuacha mmea ukigeuka manjano. Na likioza miezi mingi huwa mboji ya kawaida. Kumvi za mpunga, hasa zilizochomwa nusu hadi kuwa nyeusi bila kufikia majivu, ni nyepesi na hupitisha hewa vizuri, ila hazishiki maji, kwa hiyo ni kiungo na haziwezi kuwa chakula kizima. Chenga za mkaa, zinazobaki chini ya magunia ya wauza mkaa, zinafanya kazi hiyo hiyo na hazikosi kupatikana popote. Zichekechwe ili unga utoke, na zioshwe ili majivu yasipandishe pH. Mchanga wa ufukweni ukataliwe moja kwa moja kwa chumvi yake na kwa wembamba wa chembe zake, na badala yake utumike mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Pumisi, yaani jiwe jepesi la volkano lenye matundu mengi, ndilo linalotumiwa na mashamba ya waridi ya Naivasha nchini Kenya kukuzia maua bila udongo, na aliye karibu na Bonde la Ufa hana sababu ya kulikosa. Lakini kulisafirisha mpaka Tanga ilhali mkaa upo ni gharama isiyo na maana.

MWENYE KITALU: Mkaa na usumba vimeeleweka. Lakini hesabu ya Mwalimu imeacha kitu kimoja, nacho ni mnunuzi. Usumba hukauka juu ukabaki umeloa chini, na asiyeujua hutazama juu, akadhani una kiu, akamwaga maji mpaka mizizi ikafa. Au hutokea kinyume: kikapu hupigwa na kaskazi kutwa nzima, kinakauka mpaka katikati, na usumba hauna mfinyanzi wa kushika hata chembe ya chakula. Udongo husamehe. Mteja anayeondoka na ua kitaluni haondoki na Bwana Shamba.

MWALIMU: Hoja hiyo ni ya haki, nayo inagawanya kazi mara mbili bila kuutetea udongo katika hatua zote mbili. Wakati wa kutoa mizizi, ua liko mikononi mwa mtaalamu, naye ni Mama. Hapo hewa ndiyo itawale. Baada ya mizizi kufikia sentimita 2 au 3, ua huhamishiwa kwenye chombo litakaloishi, na hapo ndipo pa kutia chakula, yaani mboji iliyoiva vizuri na hata udongo kiasi kwa maua ya ardhini. Mmea buibui asili yake ni Afrika ya kitropiki na ya kusini, na tradeskantia yenye michirizi ilitoka Meksiko. Zote mbili huota ardhini na haziuchukii udongo. Si maua yote ya kuning'inia yaliyo hivyo. Ripsali, ambayo ndiyo kakati pekee inayoota kiasili nje ya Amerika, hushuka kama nywele kutoka katika matawi ya miti ya misitu ya Afrika bila kugusa ardhi, na baadhi ya makangaga ya pwani hujiotea kwenye mapengo ya vigogo vya minazi, mahali ambapo hakuna udongo isipokuwa nyuzi na uchafu wa majani. Kumpa mmea wa namna hiyo udongo wa mfinyanzi ni kumzika.

Hapo Mwalimu anageukia milima inayoonekana kutoka Muheza, na mjadala unaingia katika jambo ambalo kwa mwandishi wa makala haya ni zito kuliko hesabu zote zilizotangulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani katika wilaya ya Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalieleza kisayansi na kulipa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya mpelekaji na si ya Washambaa waliolipita kila siku njiani. Mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliingizwa Tanga kutoka Florida. Mmea mmoja ukaja na mwingine ukaondoka. Ua hilo, yaani urujuani wa Usambara, ambalo tangu 2015 wataalamu wameliweka katika jenasi ya Streptocarpus, limezalishwa duniani kote kwa aina zisizohesabika, na zile zinazotambaa na kushuka pembeni mwa chungu zina damu ya urujuani wa grotei, ambao kwao ni Usambara Mashariki na mashina yake hutambaa kwa asili.

MWALIMU: Urujuani huo huota kivulini, juu ya miamba yenye kuvumwani karibu na vijito, na mizizi yake mifupi imejishikiza katika mboji nyembamba isiyozidi unene wa vidole vichache. Maji hupita, hewa hupita. Jani lake likikatwa na kikonyo chake kuchomekwa sentimita 2 katika usumba uliooshwa, hutoa mizizi baada ya majuma matatu au manne, na vichipukizi huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Likichomekwa katika udongo mzito wenye samadi huoza kabla ya juma la pili. Sasa, udongo mweusi unaosifiwa vitaluni kuwa wa msituni ni mboji hiyo hiyo iliyokwanguliwa chini ya miti. Imejengwa na majani ya miaka mingi, nayo hulisha mbegu zinazosubiri kuchipua msituni. Anayeichota ili kuuzia ua la Usambara anambomolea mmea nyumba yake ili ampangishe chumba.

MWENYE KITALU: Udongo huo huletwa na vijana kwa magunia, Mwalimu, na haulizwi ulikotoka.

MWALIMU: Na uulizwe. Amani, huko huko Usambara Mashariki, ilikuwa kituo cha utafiti wa mimea tangu 1902, na tangu 1997 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Si stoo ya vitalu.

Mwenye Kitalu hakatai, ila anaweka sharti ambalo ni lazima likubaliwe, kwamba asiambiwe aache gunia la msituni mpaka awe na la kuweka mahali pake kwa bei anayoiweza. Sharti hilo linajibika. Mboji inaweza kutengenezwa kitaluni kwa majani, mabaki ya jikoni na samadi kwa miezi mitatu au minne ya kugeuzageuza, na udongo tifutifu wa shambani, ukihitajika, unaweza kusafishwa kwa mvuke katika pipa lililokatwa nusu, juu ya wavu uliowekwa maji chini yake, mpaka katikati ya udongo pafikie nyuzi 60 hadi 70 kwa nusu saa. Usichemshwe kupita hapo, kwani joto kali hufungulia amonia na manganizi kwa kiasi cha sumu. Usumba upo kwa Msokota Kamba, ambaye hadi sasa hulipwa kwa kamba tu, na mkataba kati ya nyumba hizo mbili hauhitaji meli wala tofali la kutoka ng'ambo.

Katika jambo moja sauti hazikupatana hadi mwisho. Bwana Shamba angependa kila ua liuzwe katika mchanganyiko usio na udongo kabisa, ili minyoo fundo isisafirishwe kutoka kitalu hadi nyumba, na anakumbusha kwamba hata nchi za Ulaya hukataa udongo kutoka nje, ndiyo maana Kenya na Uganda huzipelekea vipandikizi vya maua visivyo na mizizi. Mwenye Kitalu ataendelea kutia udongo kidogo uliosafishwa katika vikapu vya mmea buibui na tradeskantia kwa ajili ya mnunuzi msahaulifu. Uamuzi wa makala haya unamwelekea Mwenye Kitalu kwa maua hayo mawili, na kwa mengine yote unamwelekea Bwana Shamba. Pothosi, ambayo mitaani huitwa mani planti, ioteshwe kwa kifundo kilichozikwa katika usumba na mchanga wa mto kwa vipimo sawa, kisha ihamishiwe kwenye sehemu 3 za usumba, 1 ya mboji na 1 ya chenga za mkaa. Kamba ya mioyo ya Afrika Kusini, ambayo hutunza maji katika majani na vinundu vyake, ipewe mkaa au pumisi nusu kwa nusu na usumba. Kokoto za chini ya chungu zitolewe. Kwa urujuani wa Usambara unaoning'inia, jani lichomekwe katika sehemu 2 za usumba uliooshwa na sehemu 1 ya chenga za mkaa, bila samadi, na bila hata kiganja kimoja cha udongo wa msituni.